Joho la Msimamizi

Mdogo wangu alikuwa amevaa shati jeupe nililompigia pasi asubuhi ileile. Ninaikumbuka kola yake kuliko ninavyoukumbuka uso wake, kwa sababu uso aliugeuzia dirishani, na kola ndiyo iliyobaki ikinitazama: imenyooka, imekaza, haina hata kunyanzi moja. Mkuu wa kituo alimwuliza swali lake kwa upole, kama mtu anayegusa jino linalouma. Mdogo wangu, kwa sauti ileile aliyokuwa akitufundishia, akajibu:

"Mkuu, dada yangu bado anasoma kwa kubahatisha."

Nimekosewa na wengi katika maisha yangu, na wengi wao nimekwisha kuwasahau, kama dobi anavyoyasahau madoa yaliyotoka. Hilo halikutoka. Nimelifua kwa maji baridi na kwa maji ya moto, nimelianika juani, nimelipitishia pasi. Jioni ikifika lipo palepale. Ndiyo maana leo naliandika, nione kama wino utaliweza.

Kabla sijajua kusoma, yeye ndiye aliyekuwa macho yangu. Mama yetu alipofariki, mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa, na yeye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Nilimlea pamoja na wanangu. Alipojua kusoma, nyumba nzima ikawa imejua kusoma. Alinisomea maandishi ya chupa za dawa, ujumbe wa simu, na vile vitambaa vidogo vinavyoshonwa ndani ya nguo kuonya juu ya joto la pasi, kwa maana kazi yangu ni udobi, na mpaka wakati huo nilikuwa nikizitambua nguo za watu kwa ncha za vidole tu. Alisoma huku anakula, huku anacheka, na habari ikiwa imepoa aliitia chumvi. Siku moja alinisomea kwamba jirani analalamika jogoo wetu anamchumbia kuku wake bila kufuata taratibu. Nikajifunga kibwebwe nikaenda, tayari kwa maneno. Kumbe maskini jirani alikuwa ameomba kamba ya kuanikia. Tulicheka mpaka tukaketi chini, mimi na jirani. Mdogo wangu alicheka kuliko sisi sote.

Mtu mwenye macho ya kuazima huona bado yanamtosha. Kwa hiyo nilichelewa kwenda darasani. Aliyenisukuma ni binti yangu, ambaye aliligundua pengo langu mapema, akawa ananiletea taarifa zake za shule huku ameziba mstari wa mwalimu kwa kiganja. "Hapa, mama, wanasema mnisifu," alikuwa akiniambia. Niliona kwamba nikiendelea hivi nitalea watoto nisiowajua.

Kituo cha elimu ya watu wazima kilikuwa nyuma ya ghala la mbao, na mdogo wangu alikuwa ameajiriwa pale kwa mkataba wa muda, kama fundi na mwalimu wa kompyuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniandikisha. Aliniuliza jina langu kwa sauti ya kiofisi, kana kwamba hanijui, nami nikamjibu kwa sauti ya kiofisi, tukashindwa kujizuia. Nilikuwa na furaha ya mtu anayerudi kwao. Sikujua wakati huo, na nadhani hata yeye hakujua, kwamba mtu aliyezoea kukusomea, siku unayoanza kujisomea unakuwa umemfuta kazi.

Tulianza na chaki, na tulipoweza kuunga maneno tukahamishiwa kwenye chumba cha kompyuta. Zilikuwa mashine kuukuu zilizotolewa na ofisi fulani, zenye joto na kelele kama majiko, lakini ziliongea nasi kwa Kiswahili, na hilo lilitutia moyo. Kila mwanafunzi alipewa akaunti yake. Wenzangu walinichagua kiranja, kiranja mwenye mvi, na wakawa wakiniita hivyo mpaka sokoni. Mashine ikikwama, mwenyewe hunyoosha mkono: "Kiranja, mgonjwa wangu amezimia." Mdogo wangu, ambaye darasa lilimwita Daktari, alichoka kuitwa kila saa kwa mafua ya mashine. Akanifundisha kuifungua programu ya uchunguzi, ile inayopekua kompyuta nzima kutafuta ugonjwa wake na kuandika ripoti. Sisi tuliiita Mpimaji.

Siku alipotufafanulia Mpimaji alikuwa katika ubora wake. Alisimama mbele ya darasa, mikono nyuma, akasema kwamba kila mmoja wetu ndani ya mashine ni kama mgeni aliyepewa kiti sebuleni: anakaa, anaandika, anahifadhi vyake, lakini hawezi kuingia chumbani. Mwenye nyumba ni msimamizi, naye anao ufunguo wa kila mlango. Sasa Mpimaji, ili aujue ugonjwa ulipo, hana budi kuingia vyumba vyote. Kwa hiyo hata akiitwa na mgeni, kabla ya kuanza kazi huvaa joho la mwenye nyumba.

"Na mgeni akimtuma sokoni?" aliuliza mtu wa nyuma.

Alikuwa fundi wa simu, mwenye kibanda karibu na stendi, ambaye kila mteja wake aliambiwa simu yake iko tayari kesho, na kesho yake aliambiwa vilevile. Darasa zima lilimwita Kesho. Mikono yake ilizijua mashine kuliko macho yake yalivyozijua herufi. Vidude vidogo vya ndani alivitambua gizani, lakini mstari mmoja wa kitabu ulimtoa jasho. Tulicheka swali lake, na mdogo wangu akacheka nasi.

"Mpimaji hatumwi sokoni, bwana Kesho. Anapima, anaandika ripoti, anavua joho. Basi."

Miezi michache kabla ya mtihani, niliingia chumba kile saa ya mapumziko kufunga madirisha. Mdogo wangu alikuwa mezani kwake anakunywa chai. Nilifungua Mpimaji kwenye mashine iliyokuwa ikisuasua, na badala ya ule mstari wa kijani niliouzoea, likajitokeza tangazo lenye pambizo nyekundu. Sikumwita mtu. Nilivuta kiti, nikaweka kidole kwenye kioo, nikaanza. Nilikuwa nimekwisha kusoma vibao vya maduka, majina ya wanangu, na vihadithi vya darasani ambavyo mwisho wake nilikuwa nimekwisha kuambiwa. Lakini maneno ambayo hakuna aliyenitangulia kuyapita, hayo sikuwa nimewahi kuyasoma. Yalisema kwamba kasoro imegunduliwa katika programu hii ya uchunguzi. Kwamba mtumiaji wa kawaida aliye ndani ya mashine anaweza kuitumia kujipatia mamlaka ya msimamizi. Na kwamba programu isasishwe mara moja.

Nilirudia kwa sauti, tangu mwanzo, nikimsomea. Nilipofika mwisho nilikuwa nahema kama niliyepanda ngazi. Mdogo wangu aliweka kikombe chini. Nakumbuka alivyonitazama: kwanza kwa mshangao, kisha kwa kitu kingine kilichopita haraka, kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa. Halafu akatabasamu.

"Umesoma vizuri, dada. Kama mtangazaji."

Nilimwuliza kama ni jambo kubwa. Alinieleza kwamba mashine zile ni vikongwe. Ukizipa toleo jipya, nusu yake hazitaamka, na mtihani u mlangoni. Baada ya mtihani atalishughulikia. Akalifunga lile tangazo lisijitokeze tena kwenye akaunti zetu. Sikuifikiria tena kasoro hiyo. Nilichokibeba njia nzima ya kurudi kazini ni lile neno, mtangazaji. Siku hiyo niliunguza pindo la pazia la mteja, na nilipolikagua niliona hata uchungu wake mtamu.

Mtihani wetu ulikuwa wa kusoma kwa sauti na kuandika imla, mbele ya msahihishaji aliyetoka kwingine, ambaye aliingiza alama zetu moja kwa moja kwenye kompyuta ya kituo. Nilipasi. Nilikuwa wa kwanza. Binti yangu aliyasoma matokeo ubaoni, safari hii bila kuziba kitu kwa kiganja, akanikumbatia mbele za watu kama vile mimi ndiye mtoto.

Furaha ile haikupata hata muda wa kukauka kambani. Msahihishaji alirudi kituoni kuchukua nakala ya alama, akashangaa kukuta kwamba watu aliowaangusha wamesimama. Kesho, ambaye mbele yake alikuwa ameshindwa kumaliza aya ya kwanza, alikuwa na alama nzuri. Na pamoja naye wengine wachache wa nyuma. Alama zangu zilikuwa zilezile alizonipa, lakini hakuziamini tena hata zile alizoziandika kwa mkono wake. Alikuwa amesikiliza watu wengi siku ile, na sauti zetu zilikuwa zimemchanganyikia. Swali likawa moja: nani mwenye uwezo wa kuzifikia alama? Msimamizi peke yake, naye ni mdogo wangu. Au mtu aliyelipata neno lake la siri. Na nani awezaye kulipata, kama si kiranja, wa kwanza darasani, mwenye ruhusa ya kugusa kila mashine, na dada yake wa kuzaliwa?

Tuliitwa mbele ya kamati asubuhi, katika ofisi yenye makabati ya chuma na kalenda ya mwaka uliopita. Kesho na wenzake walihojiwa kabla yetu, wakasema kwamba kama wamepata alama za bure, basi mhurumiaji wao hawamjui. Ilipofika zamu yangu sikuogopa. Nilikuwa na ukweli, na ukweli wangu ulikuwa na shahidi. Nilieleza kwamba mtu yeyote aliye darasani angeweza kuupata usimamizi bila neno la siri, kwa kupitia Mpimaji. Kwamba tangazo lilikuwa limetuonya. Kwamba nililisoma mwenyewe nikamsomea mwalimu wetu. Nilisema hivyo, mwalimu wetu, kwa heshima ya mahali.

Ndipo Mkuu alipomgeukia kwa upole ule, akamwuliza kama ni kweli. Na yeye akageukia dirisha.

Alipokwisha kusema kwamba nasoma kwa kubahatisha, aliongeza maneno mengine, laini, kama ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Kwamba dada yake ana bidii sana. Kwamba watu wazima wakiwa wanajifunza huona neno wanalolijua na mengine wakayajazia. Kwamba huenda aliona tangazo la kawaida akalipa maana yake. Kwamba Mpimaji hana kasoro yoyote. Kila sentensi aliyoitoa ilimsafisha yeye na kunichafua mimi, na hapakuwa na hata moja iliyosikika kama tusi.

Mjumbe mmoja wa kamati, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alisema jambo hili halina haja ya kuchukua siku nzima: mama apewe kitabu asome. Mkuu alisita, kisha akanisogezea kitabu chetu cha darasa, kimefunguliwa mahali nilipokuwa nimepapita mara nyingi.

Niliziona herufi. Naapa niliziona. Lakini zilikuwa zimekaa mbalimbali, kama watu waliogombana msibani. Nililishika neno la kwanza nikalitamka, la pili likakataa kulifuata. Nilirudi mwanzoni. Nikasikia sauti yangu ikikwama, na kadiri ilivyokwama ndivyo lile neno lake, kubahatisha, lilivyozidi kujaa kichwani, likazifukuza silabi zote zilizokuwa zikitafuta nafasi. Niliinua uso kuomba hewa.

Mdogo wangu hakuwa akitazama dirisha tena. Alikuwa akinitazama mimi, na midomo yake ilikuwa inacheza. Polepole, bila sauti, silabi kwa silabi, alikuwa akinisomea.

Sijui kama alijua anachofanya. Nadhani hakujua, ni mazoea ya miaka yote, mkono unaomshika mtoto kabla akili haijaona kwamba anaanguka. Lakini kamati nzima iliona. Mfanyabiashara yule aligeuka kutoka mdomo wake kuja kwangu, akakohoa. Mkuu akakivuta kitabu taratibu. "Inatosha, mama," alisema. Nikafutiwa matokeo, nikavuliwa ukiranja, na kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa wizi, ikaandikwa tu kwamba nimetiliwa shaka. Mtu akihukumiwa mwizi anaweza kukata rufaa. Mtu aliyetiliwa shaka akate rufaa kwa nani?

Siku mbili tatu baadaye alipita dukani kwangu kuchukua nguo zake, kama kawaida. Nilikuwa nazikunja. Alisimama upande ule wa meza, akaichezea ncha ya kamba ya pasi.

"Dada, wewe pale huna cha kupoteza," alisema. "Darasa utarudia. Mimi wangejua niliona onyo nikanyamaza, ule mkataba wa kudumu ningeusikia redioni. Na mke wangu ndiyo hivyo mjamzito, unamwona alivyo."

Nilikuwa natafuta kifungo cha mkono wa shati.

"Na ulipokwama nilijaribu kukusaidia."

"Niliona," nilimwambia.

Akachukua mashati yake. Mlangoni aligeuka kana kwamba amesahau kitu, lakini hakuwa amesahau kitu.

Nilikaa mbali na kituo mpaka majira yakabadilika. Wenzangu walipita kunitembelea. Muuza mboga aliyekuwa akikaa ubavuni pangu aliniambia mashine zote zina homa na Daktari anagawa vidonge vya kichwa tu. Nikacheka, na kicheko kikanishangaza. Kilichoniuma si cheti. Ni kwamba nilianza kujitilia shaka mwenyewe. Nikisoma kitambaa cha ndani ya nguo, nilirudi kukigusa kwa vidole. Nikisoma ujumbe wa simu, nilimpa binti yangu ahakikishe. Ukweli niliousoma kwa macho yangu ulikuwa umeanza kuonekana kama ndoto, na kuna siku nilikaribia kukubali kwamba labda tangazo lile lilikuwa habari nyingine, nami nililitia chumvi.

Kisha kituo kikapata mashine mpya, na pamoja nazo fundi mwanamke mwenye miwani minene aliyetumwa kuhamisha kazi za wanafunzi kutoka zile za zamani. Yeye hakujua habari zetu. Alifungua Mpimaji kwa ufunguo wa msimamizi, likajitokeza lile tangazo lenye pambizo nyekundu, akamwita Mkuu kumwuliza ni nani aliyeacha mlango huu wazi muda wote huo. Akamwonyesha. Mpimaji alikuwa akimwuliza yeyote aliyemwita ripoti aiweke wapi, na akiambiwa mahali huiweka, hata kama ni chumba ambacho aliyemwita haruhusiwi kukanyaga, kwa sababu joho analo mwilini. Mwenye mikono mizuri angeweza kumkabidhi kitu kingine mahali pa ripoti, naye akakibeba vilevile bila kuuliza. Ndani ya mashine ya nyuma, karibu na mlango, zilikuwapo bado nyayo za mtu aliyefanya hivyo, katika akaunti ya Kesho.

Kesho hakukana. Alisema alilijua hilo kutoka kwa mafundi wenzake wa stendi. Kwamba alihitaji cheti apate leseni ya duka. Kwamba aliwaongezea na wengine alama ili asionekane peke yake. Na alipoulizwa kwa nini aliniacha nikabeba mzigo, alisema alikuwa akingoja mwalimu aseme. Alidhani ndugu hawezi kunyamaza.

Haya yote nilielezwa na Mkuu mwenyewe, aliyekuja dukani akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba juu ya magoti. Aliniomba radhi kwa maneno machache, na kwa uchache wake yalinifaa. Alisema msahihishaji atarudi na nitasoma upya nikitaka. Kisha akakiinamia kile kilichomleta. Kamati inataka kumwondoa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekosewa. Neno langu litasikilizwa.

Pasi ilikuwa imepata moto. Niliiweka kando. Nilimwambia kwamba kazi ya mtu si nguo iliyoletwa kwangu. Siikunji wala siikunjui. Aliyoyasema aliyasema mbele yao, basi aulizwe mbele yao, ajibu mwenyewe.

Nadhani alijibu, kwa maana walimwacha. Alipewa onyo, na ule mkataba wa kudumu hakuupata. Mimi nilisoma mbele ya msahihishaji mchana mmoja wenye upepo, ukurasa nisiowahi kuuona, na sikukwama ila mahali pamoja, palipokwamisha kila mtu. Cheti changu kipo, binti yangu amekitia fremu.

Mdogo wangu alikuja wiki iliyofuata. Zamani alikuwa akiingia dukani kwa kelele, akiniita dobi wa wafalme, akifunua masufuria yangu ya nyuma bila kuomba. Safari hii alisimama kwenye kizingiti na furushi kifuani. Alikuwa amekonda. Alingoja nimalize suruali niliyokuwa nayo mezani, ndipo akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Hatukuwa tumewahi kuamkiana hivyo, tangu azaliwe. Niliyaona macho yake yakitafuta usoni mwangu mahali pa kuingilia.

"Marahaba," nilimjibu, vizuri, kwa sauti isiyo na kinyongo, kama ninavyomjibu kila mteja mwenye adabu. Nikanyoosha kitambaa cha mezani, nikamwuliza kama ameleta nguo au amezifuata.